Tasnifu niandike kwa Kiswahili au Kiingereza? Jibu linatakiwa Ijumaa

Kipanga wa Ziwa: Wakuu, habari za jioni. Nasoma uzamivu Ujerumani, uhakiki wa baada ya ukoloni, natafiti riwaya za Kezilahabi. Chuo kinaruhusu lugha nyingine kwa kibali. Nishike ipi? Ijumaa natakiwa nitoe jibu, usingizi sina.

Bi Sarufi: Kabla ya lugha, hesabu watahini. Kwa Kiswahili unahitaji watu wanaokisoma na wanaoijua nadharia pia. Wakikosekana, kazi inalala mezani kwa mtu miezi. Kibali kinaombwa mapema, si baadaye. Ukienda na Kiingereza, dondoo asilia iwe juu, tafsiri chini, halafu uulize kama zote mbili zinahesabiwa kwenye ukomo wa maneno. "Sitakuambia" ni neno 1. Kiingereza kinatumia 5. Dondoo za maneno 6,000 zitakumeza.

Jongoo Mwendapole: Andika Kiswahili bwana! Ngũgĩ alikiaga Kiingereza 1986.

Mla Urojo: Akafundishia wapi? Irvine, California, tangu 2002. Na huyo Kezilahabi: riwaya kwa Kiswahili, tasnifu ya Wisconsin 1985 kwa Kiingereza, 1995 huyoo Botswana kufundisha. Lugha ya tasnifu ni pasipoti, mengine ngonjera.

Jongoo Mwendapole: Ndiyo maana istilahi zetu hazikui. "Uchotara" (hybridity) kwa mmoja ni wa nasaba, kwa mwingine wa utamaduni, na hakuna anayefafanua.

Bi Sarufi: Inafafanuliwa inapotajwa mara ya kwanza, kisha hubadilishi tena hadi hitimisho. Mleta uzi, mwajiri wako nani?

Kipanga wa Ziwa: Hilo na lugha vinahusianaje?

Bi Sarufi: Jibu tu, mwanangu.

Kipanga wa Ziwa: Mhadhiri msaidizi, nyumbani. Niko kwenye ruhusa ya masomo yenye mshahara. Nilisaini kwamba nitarudi kufundisha.

Mla Urojo: Wadhamini?

Kipanga wa Ziwa: Wawili. Mmoja mjomba. Ila idara ya hapa ina nafasi ya utafiti, na wao Kiswahili hawasomi. Sura mbili ziko tayari kwa Kiingereza. Sijatoroka, nafikiria tu.

Jongoo Mwendapole: Umekuja kuomba ushauri au baraka?

Mzee wa Kifungu: Kasome kifungu cha fidia. Kuna mikataba inayodai mshahara wote wa kipindi cha masomo, na kuna inayopunguza kwa kila mwezi uliorudi kufanya kazi. Tofauti yake ni bei ya nyumba. Omba likizo bila malipo kwa maandishi, ruhusa ikiwa bado hai. Ikiisha ukiwa huko unahesabika mtoro, na barua ya madai inaweza kuanzia kwa mdhamini.

Panya Buku: Chai hii. Sura mbili za Kiingereza zimeshaandikwa, halafu Ijumaa msimamizi aulize lugha gani? Huyu anakusanya data za wasomi wahamaji. Mtajikuta sura ya nne, bila ridhaa ya mtoa taarifa.

Mla Urojo: Hahaha! Mimi niwekeni kwenye kiambatisho.

Kipanga wa Ziwa: Si chai. Wala sikusema ni msimamizi anayeuliza. Kibali cha Kiswahili sikuwahi kuomba. Ijumaa ni siku ya kusaini hiyo nafasi.

Mzee wa Kifungu: Mjomba anajua?

Kipanga wa Ziwa: Bado.

Bi Sarufi: Leo Jumanne. Mpigie.