Avada, Divi au GeneratePress: ipi ya kulipia kwa blogu ya kilimo?

Mkulima wa Njombe

Wakuu, habari za leo. Nina blogu ya kilimo kwa Kiswahili: parachichi, viazi, magonjwa ya mazao na bei za sokoni. Ipo WordPress, na mpaka sasa natumia mandhari (theme, yaani muonekano wa tovuti) ya bure. Nataka kununua ya kulipia ili tovuti ionekane ya watu makini. Nimechuja nikabaki na tatu:

- Avada, inauzwa kwenye soko la mtandaoni la ThemeForest dola 69, unalipa mara moja
- Divi ya Elegant Themes, dola 89 kwa mwaka, au 249 ukitaka ya maisha
- GeneratePress Premium, dola 59 kwa mwaka

Moyo uko kwa Avada. Demo zake (tovuti za mfano) zinavutia na hakuna kulipa kila mwaka. Bajeti isizidi dola 100. Wasomaji wangu karibu wote wako kwenye simu. Wenye uzoefu naomba mnifungue macho kabla hela haijatoka. Nawasilisha.

Fundi Tovuti

Mkuu, tuanze na hiyo "mara moja". Leseni ya kawaida ya ThemeForest inakupa masasisho bila kulipa tena, sawa, ila msaada wa mtengenezaji ni miezi 6 tu. Ukitaka 12 unaongeza hela. Halafu leseni moja ni tovuti moja. Ukifungua ya pili unanunua nyingine.

Hao wengine wawili unalipa kila mwaka lakini unaweka tovuti nyingi: Divi haina kikomo, GeneratePress ni mpaka 500. Na usipolipa mwaka wa pili tovuti haizimi. Inaendelea kama kawaida, kinachokatika ni masasisho na msaada. Watu wengi wanaogopa malipo ya mwaka wakidhani blogu itafungwa.

Kwa mtu wa blogu moja kama wewe, ukiangalia bei peke yake Avada inashinda. Mimi nisingeinunua.

Mama Vitumbua

Sasa mbona umeishia patamu 😂

Fundi Tovuti

Nilikuwa nashuka kwenye daladala, samahani Mama.

Avada na Divi zinakuja na mfumo mzima wa kujengea kurasa: slaidi, maandishi yanayopaa, fomu, vitufe vya kila aina. Zote zimeboreshwa na zina sehemu ya kuzima usivyovitumia, lakini lazima ukae chini uvizime na uelewe unachozima. Blogu ya makala inahitaji kichwa cha habari, picha, maandishi na menyu. Hayo mengine msomaji anayapakua kwa bando lake. GeneratePress wenyewe wanatangaza kwamba usakinishaji mpya unaongeza chini ya kilobaiti 10 kwenye ukurasa. Picha moja ya parachichi uliyopiga kwa simu, bila kuibana, inazidi hapo mara mia kadhaa, kwa hiyo hata picha zako ziangalie.

Fanya hivi: chukua anwani ya demo unayoipenda, ibandike PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi ya tovuti, soma upande wa simu. Tazama LCP, yaani muda ambao kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kinachukua kuonekana. Google wanataka isizidi sekunde 2.5. Na kumbuka demo ziko kwenye seva zilizoandaliwa vizuri, hosti yako ya bei rahisi (seva unayokodi kuweka tovuti) haitazifikia.

Binti Kisauni

Kaka Mkulima, nakuongezea jambo ambalo wauzaji hawalisemi: siku ukitaka kuhama.

Divi mpaka toleo la 4 inahifadhi makala zako ndani ya misimbo yake. Ukizima mandhari, maandishi yanabaki yamezungukwa na vitu kama et_pb_section na et_pb_row kwenye mabano ya mraba, aya kwa aya. Avada nayo ina misimbo yake inayoanza na fusion. Ukurasa mmoja utausafisha kwa mkono. Makala mia mbili, pole sana. Toleo la 5 la Divi limetengenezwa liachane na mfumo huo, hilo niwape haki yao. Kwa GeneratePress unaandikia kihariri cha kawaida cha WordPress, ukihama makala zinabaki safi.

Ukishikilia Divi au Avada, basi ile mifumo ya kujenga kurasa itumie kwa ukurasa wa mwanzo na wa mawasiliano tu. Makala ziandike kwa kihariri cha kawaida.

La pili. Demo zote zimejazwa vichwa vya Kiingereza vya maneno matatu. Weka "Namna ya kukabiliana na kantangaze kwenye nyanya msimu wa kiangazi" ndani ya kadi nyembamba za safu tatu, vile visanduku vya kuorodhesha makala, uone. Kichwa kinakwenda mistari sita, kadi ya jirani ina miwili, mpangilio wote unapinda. Menyu pia ni vilevile. Muulize muuzaji kama safu na ukubwa wa herufi vinabadilika bila kugusa msimbo.

Na uhakikishe maneno kama Read More na Leave a Comment yanatafsirika. Mandhari iliyotengenezwa vizuri inayaweka kwenye faili za lugha, unayabadilisha kwa Loco Translate, programu-jalizi (plugin) ya kutafsiri. Iliyotengenezwa ovyo imeyachomeka ndani ya msimbo, utamaliza makala ya Kiswahili na chini yake Kiingereza kinakukodolea macho.

mtaa_kwa_mtaa

Mnajisumbua wakuu. Kuna jamaa Telegram anauza hizo zote kwa elfu kumi. Avada, Divi, unayotaka.

Fundi Tovuti

@mtaa_kwa_mtaa hapo usimpeleke mwenzio. Ni kweli WordPress iko chini ya leseni ya GPL, inayoruhusu kunakili na kusambaza, na kuna maduka yanayosambaza nakala bila kuvunja sheria. Ila faili la Telegram hujui nani amelifungua kabla yako. Mwaka 2019 Wordfence, kampuni ya usalama wa WordPress, walieleza kwa kirefu virusi vya WP-VCD, vilivyokuwa vikisambaa hasa kupitia mandhari na programu-jalizi za wizi. Vinajificha ndani ya faili, vinaambukiza mandhari nyingine zilizo kwenye hosti hiyohiyo na kutengeneza mlango wa nyuma wa wadukuzi kuingilia.

Na hata ukiwa umelipia, kuna hili la programu-jalizi zinazofungashwa ndani ya mandhari. Mwaka 2014 Slider Revolution, programu-jalizi ya slaidi, ilikuwa na tundu la usalama. Mtengenezaji alishaliziba, lakini tovuti nyingi zilikuwa na nakala iliyokuja na mandhari, isiyojisasisha yenyewe. Desemba mwaka huo Google iliziweka tovuti zaidi ya 11,000 kwenye orodha ya hatari kwa sababu ya SoakSoak, virusi vilivyopitia tundu hilo. Ndiyo maana tangazo la "utapata programu-jalizi za kulipia bure" mimi halinisisimui.

Mama Vitumbua

Mimi blogu yangu ya mapishi ipo Blogger, templeti nimenunua, hosti silipi, maisha yanaenda. Si lazima kila mtu awe WordPress jamani.

Binti Kisauni

Kweli Mama, ila Mkulima keshakuwa WordPress, na bei za sokoni anataka ziwe kwenye jedwali analolisasisha kila wiki. Kwa Blogger atachoka.

Mkulima wa Njombe

Aisee nashukuru. Nimejaribu PageSpeed kwa demo mbili za Avada nilizozipenda, upande wa simu zote zimegoma kwenye LCP. Hicho kichwa cha kantangaze nimekijaribu, dada, kadi zimepinda kama ulivyosema.

Naona niweke GeneratePress ya bure kwanza, nikiona nimebanwa ndipo nilipie. Swali: nini hasa kinaongezeka kwenye ya kulipia? Na nalipaje, benki yangu kadi inagoma mtandaoni.

Fundi Tovuti

Ya bure inatosha kusoma na kuandika. Ya kulipia inakupa tovuti zilizotayarishwa unazoingiza na kubadilisha, mipangilio ya orodha ya makala, menyu inayobaki juu ukishuka, na Elements, ambayo ndiyo sababu ya mimi kulipa: unaweka tangazo au kisanduku juu au chini ya makala zote kwa mpigo mmoja. Wana siku 30 za kurudishiwa hela. Elegant Themes nao vilevile. ThemeForest ukishapakua, kubadilisha mawazo si sababu ya kurudishiwa.

Binti Kisauni

Malipo: huku Kenya tunatumia M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa ya mtandaoni. Kwenu Tanzania ulizia kadi ya mtandaoni kwa mtandao wako wa simu. Weka salio juu kidogo ya bei kwa sababu ya ubadilishaji wa dola, na ukishalipa ingia kwenye akaunti uangalie kama usajili umewekwa kujirudia wenyewe. Ukitaka kuamua mwenyewe mwakani, uzime siku hiyohiyo.