Amefuta ubao wangu mbele ya wanafunzi, halafu akakung'uta chaki kwenye chai yangu!

Chaki Nyeupe (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimetoka darasani sasa hivi. Niko Mabatini hapa Mwanza nasubiri daladala, mikono inatetemeka, naandika nimesimama. Mkikuta herufi zimeruka mnivumilie.

Yule bwana wa kipaza sauti mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule ambaye tai yake inafika ukumbini dakika tano kabla yake. Yule wa mahafali zote kuanzia Kisesa mpaka Nyegezi, anayesema "basically" hata akiagiza supu ya sato. Huyo huyo. Leo mwenye kituo kamleta kwenye darasa langu la jioni eti aje kuwatia moyo wanafunzi.

Mimi nafundisha watu wazima. Nina akina mama wawili wa dagaa kutoka Mwaloni, nina dereva wa bajaji, nina binti wa mapokezi hotelini, nina kijana anayetaka kuongoza watalii Saanane. Wote wamekuja na ugonjwa mmoja: "I can to swim", "I must to go". Na si kosa lao! Kichwani mtu ana "naweza kuogelea". Ile "ku" ya kuogelea, ndiyo infinitivu hiyo, anaitafutia mwenzake kwenye Kiingereza, anaikuta "to", anaibandika. "Nataka kwenda" inakuwa "I want to go", imekubali. "Naweza kwenda" inakuwa "I can to go", imekataa, na hajui imekataa kwa nini wakati kwetu zote mbili zina "kwenda" ile ile. Wiki tatu, wakuu. Wiki tatu napambana na hiyo "to" kama magugu maji ziwani: unayang'oa leo, kesho asubuhi yametanda tena mpaka huoni maji.

Leo ndiyo siku yalikuwa yametoka. Mama mmoja wa dagaa kaenda ubaoni mwenyewe, hajasukumwa na mtu, kaandika: "My son can swim." Nilitamani kupiga vigelegele. Chai yangu ipo mezani, sijafika hata nusu.

Bwana yule akainuka. Hakuomba chaki, kaitoa mkononi mwa yule mama. Kafuta "can swim" KWA KIGANJA. Kaandika "can to swim". Kageukia darasa: "Infinitivu bila 'to' ni sawa na ugali bila mboga." Darasa likacheka. Halafu akakung'uta mikono, pa, pa, pa, juu ya meza yangu.

Kwenye chai yangu.

Nimeuona ule unga mweupe unavyozama. Nikasema kwa heshima zote, "Kaka, baada ya 'can' hatuweki 'to'." Kanishika bega, mbele ya watu: "Madam, umri wangu na wako." Umri! Can, could, may, might, must, shall, should, will, would, hizo tisa hazijali umri wa mtu, zote zinataka kitenzi kitupu. Awe na umri wa lile jiwe la ziwani, Bismarck Rock, "to" haikai pale!

Kilichoniuma ni yule mama. Alirudi kukaa, hakunitazama. Kachukua kifutio, kafuta kwenye daftari lake. Kafuta alichokuwa amepatia.

Nimebeba mkoba nikatoka. Chai nimeiacha pale pale na chaki yake ndani. Mtu mzima anakung'utaje chaki kwenye chai ya mwenzake?

Mzee wa Kamanga

Chai ya rangi au ya maziwa?

Chaki Nyeupe

Ya maziwa. Ina tangawizi. Nimeinunua kwa hela yangu.

Mzee wa Kamanga

Daah, pole sana. Ya rangi ungechuja.

Konda Mstaafu

Huyo namjua. Harusi moja Buswelu alipewa kipaza sauti dakika mbili atoe neno. Tulikula saa sita usiku, na wali ulikuwa umeshashikana.

Dagaa Kavu

Madam punguza wivu. Mtu kaja kuhamasisha bure wewe unamletea vitenzi vitupu. Halafu mbona "ought to" ina "to"? Na "have to" je? Tunasubiri.

Chaki Nyeupe

@Dagaa Kavu usisubiri, shika. "Ought" ni wa ukoo ule ule ila yeye pekee hatembei bila "to", na wanafunzi wangu nimewaambia wamkariri hivyo hivyo. "Have to" si wa ukoo huo kabisa. Inabadilika: "I have to", "she has to". Sasa nitafutie "she musts". Nitafutie "he cans". Hakuna! Na ukiuliza swali unasema "can she swim?", "can" inasimama mbele yenyewe, haihitaji "do" wala "does" ya kuisindikiza. Hicho ndicho kipimo nilichowapa, na dereva wa bajaji alikuwa ameshakishika kuliko huyo mgeni.

Wiki ijayo nilipanga kuingia "make" na "let". "He made me wait", hakuna "to". Ukiigeuza, "I was made to wait", "to" inarudi. Hiyo nayo ni vita nyingine, maana sisi tunasema "alinifanya nisubiri", hata "ku" yenyewe haimo, kwa hiyo mtu anaandika "he made me I wait". Nilishaiandalia somo. Sasa Jumatatu naanza upya na "can", mbele ya ubao wenye alama ya kiganja chake.

Dagaa Kavu

Umeandika sana. Mimi nilisema tu mtu kaja bure.

Bint Nyakato

Dada afadhali wako kaondoka. Mimi wangu ni bosi, namwona kila siku. Barua zote anamalizia "looking forward to see you". Nikaandika "seeing", akanirudishia kwa wino mwekundu, ofisi nzima inatazama. Ile "to" si ya infinitivu, ni kihusishi, ndiyo maana unaweza kusema "looking forward to Friday". Nikamweleza hivyo hivyo. Akanijibu kwamba Friday ni siku, "see" ni kitenzi, nisichanganye mambo. Wino mwekundu, dada. Bora chaki.

Chaki Nyeupe

Pole mdogo wangu. Ila wewe hakukung'utia kwenye chai.

Konda Mstaafu

Mimi hizo "to" zimenilia kazi. Nilikuwa naomba udereva wa gari la mizigo. Jirani yangu msomi akanisaidia barua, nikamwambia weka kwamba pombe nimeacha. Kaandika "I stopped to drink". Kwenye usaili mzee mmoja anasoma, anacheka, anampa mwenzake. Kumbe imekaa kwamba nilisimama ili ninywe! Ilitakiwa "stopped drinking". Dereva anayesimama ili anywe nani atampa lori?

Bint Nyakato

😂😂😂 Jamani nimelia

Mzee wa Kamanga

Na uliacha kweli?

Konda Mstaafu

Wakati ule nilikuwa nimeacha.

Mtoto wa Kayumba

Nyie mnagombania "to" kama mboga. Sisi miaka saba tumesoma hesabu kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, tukafika kidato cha kwanza tukakuta baiolojia yote Kiingereza. Mwalimu wa kemia mwenyewe "you must to balance the equation". Nilidhani ndiyo sheria ya kemia. Hiyo "to" yangu ina miaka kumi na tano kichwani, leo madam anataka itoke kwa wiki tatu? Kwanza watu waamue shule zetu zifundishe kwa lugha ipi, mengine baadaye.

Mwalimu Mstaafu

Chaki Nyeupe, mwanangu, tulia. Mimi nimeshika chaki miaka mingi. Enzi zetu tulichapwa kwa kupasua infinitivu. Ukiandika "to quickly run", fimbo, kwa sababu umeingiza neno kati ya "to" na kitenzi. Nimezeeka ndiyo nagundua Waingereza wenyewe wanapasua kila siku, na ile ilikuwa sheria iliyoshupaliwa na watu wa karne ya 19. Zamani zaidi kitenzi cha Kiingereza kilikuwa na mkia tu, ile "-an" ya "singan", yaani kuimba, "to" ilikuwa neno la kuelekea mahali. Ikaja ikahamia kwenye vitenzi. Kwenye "can" haikuhamia, basi. Yule bwana anajaribu kuihamisha yeye. Hiyo ilitakiwa umwambie pale pale, usitoke. Mwalimu hatoki darasani kwake, anatoka mgeni.

Chaki Nyeupe

Shikamoo mwalimu. Umesema kweli na imeniingia. Lakini ningebaki ningemrushia ile chai.

Siti ya Nyuma

Madam shikamoo. Mimi niko darasa lako, wa bajaji. Nimeona nikutaarifu. Ulivyotoka alizungumza kama nusu saa hivi, akakauka koo. Ile chai kainywa yeye.

Chaki Nyeupe

ALIINYWA?

Siti ya Nyuma

Yote. Akasema "basically, mdalasini umezidi".

Chaki Nyeupe

HAINA MDALASINI! NI TANGAWIZI!

Na mama wa dagaa je? Alisema chochote?

Konda Mstaafu

Kanywa chaki yake mwenyewe 😂😂 huyu mtu apewe mgodi

Dagaa Kavu

Mimi namtetea hapa kumbe mtu hajui hata tangawizi. Najitoa.

Bint Nyakato

Ila mdalasini kwenye chai ya maziwa na wenyewe ni uharibifu. Mama mkwe wangu anaweka mpaka nyumba inanuka duka la dawa, na ukiacha kikombe anahesabu.

Mtoto wa Kayumba

Mama mkwe afadhali. Mwenye nyumba wangu anakuja kuangalia kama nimechemsha chai kwa jiko la umeme. Anabandika sikio mlangoni.

Siti ya Nyuma

@Chaki Nyeupe mama nimempeleka mimi na bajaji hadi Kirumba. Njia nzima ananiuliza sasa ipi ni ipi. Nikamwambia tusubiri Jumatatu.

Mzee wa Kamanga

Tukiwa hapo hapo kwenye chai, nani anajua maziwa yasiyotiwa maji yanapatikana wapi upande wa Mkuyuni? Niliyonunua jana yalichemka kabla sufuria haijapata moto.

Konda Mstaafu

Mkuyuni hupati. Njoo Igoma asubuhi na mapema, kuna wazee wanashusha kwa baiskeli kutoka Kisesa. Njoo na chupa yako, na uonje kabla hujalipa.

Bint Nyakato

Hao wa baiskeli ndiyo wezi wakubwa. Mimi nina kesi nao, ngoja niwaeleze.