Mrejesho: mpwa wangu aliyekuwa akitengwa shuleni

Asalaam aleikum wapendwa. Niliwaomba ushauri kuhusu mpwa wangu aliyekimbia vita Goma, mashariki mwa Kongo, waasi wa M23 walipouteka mji Januari 2025. Hapa Tanga, Makorora, wenzake darasani walikataa kukaa naye dawati moja: "Mkimbizi huyo!"

Kwa mwalimu mkuu nilikwenda. Akawakanya mstarini, wakanyamaza kidogo, kisha wakaendelea chinichini. Kilichofaa hasa ni ushauri wa kuwaita wasichana wa jirani nyumbani. Walitwanga kisamvu naye, wakabishana kitiwe nazi au mawese (alishinda yeye, na sufuria ikakombwa). Sasa wanampitia asubuhi waende shule pamoja.

Mama mmoja mtaani bado anamkataza bintiye asicheze naye, na hilo linamuuma sana mtoto.

Ahsanteni mno, Mungu awalipe.