Tezi ya thairoidi: dawa ninameza, uchovu haujaisha

Swali:
Ni wiki 3 tangu nianze levothairoksini (dawa ya kujazia homoni ya thairoidi) kwa sababu tezi yangu ya shingoni inazalisha homoni kidogo, lakini bado ninahisi baridi, choo ni kigumu na uchovu hauniachi. Je, niache kabichi na kuongeza vidonge vya madini joto?

Jibu la 1:
Wiki 3 ni chache mno, kwa kuwa kiwango cha homoni hutulia baada ya wiki 6 hivi, na ndipo kipimo cha damu cha TSH (homoni inayoiamuru tezi ya thairoidi ifanye kazi) hurudiwa. Mimi nilijichelewesha mwenyewe kwa kumeza dawa pamoja na vidonge vya madini ya chuma, ambavyo huizuia isifyonzwe vizuri. Sasa ninaimeza kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa, na vidonge vya chuma ninavisubirisha saa 4.

Jibu la 2:
Kabichi iliyopikwa, kwa kiasi cha kawaida, haina neno. Madini joto ndiyo ya kuangalia, kwani yakizidi yanaweza kuidhoofisha tezi zaidi.

Jibu la 3:
Kama unatumia bayotini (aina ya vitamini B) kwa ajili ya nywele, mweleze daktari kabla ya kupimwa damu, maana huweza kupotosha majibu.