Mke kakutwa na HPV, ina maana kachepuka?

Bwana_Igoma: Wakuu habari za jioni. Wife juzi alienda kliniki kupima mlango wa kizazi, ile ya kupakwa siki, wakakuta madoa meupe wakamchoma palepale na kile kidude cha moto, wakamwambia chanzo ni kirusi kinaitwa HPV na kinaambukizwa kwa ngono. Sasa ndoa yetu ina mwaka wa 9 na mimi sijawahi kuugua hata kisonono, hicho kirusi kakitoa wapi?? Simu yake ninayo tangu juzi naipekua sijaona kitu. Na kwangu kipo au ni cha wanawake tu?

mama_wawili: Kaka rudisha simu ya watu kwanza 😂

Nesi_Mstaafu: Mwanangu, swali lako nimelijibu miaka na miaka, ila mara nyingi aliyekuwa anauliza ni mama mwenyewe huku analia, anaogopa kurudi nyumbani. Ile siki ikishapakwa tunasubiri kama dakika moja, sehemu yenye seli zilizoanza kuharibika inageuka nyeupe. Hiyo sio kansa, ni hatua ya kabla, ndo maana wamemchoma mapema. Wiki 4 msikutane kimwili, na baada ya mwaka arudi kuangaliwa tena.

HPV karibu kila anayefanya ngono anaipata wakati fulani, na mwili wenyewe unaiondoa ndani ya mwaka au miwili, wengi hata hawajui kama walikuwa nayo. Kwa wachache inang'ang'ania, inazima breki za seli, zinaanza kuzaana ovyo, na hadi ifike kansa ni miaka 15 mpaka 20, mwenye VVU asiyetibiwa inaweza kuwa 5 mpaka 10. Haya piga hesabu na miaka yako 9. Inawezekana alikuja nacho, inawezekana wewe ndo ulimletea na hukuona hata kipele. Hakuna kipimo cha kukwambia nani alianza.

Na sio cha wanawake tu. Aina ya 16 na 18 ndo zinaleta kama asilimia 70 ya kansa ya mlango wa kizazi, na hiyohiyo 16 ndo kinara kwenye kansa ya njia ya haja kubwa na uume. Masundosundo ni 6 na 11, hayo kwa kawaida hayageuki kansa. Mwanaume hana kipimo cha siki, wewe ukiona kidonda kisichopona au kinyama usichokielewa nenda.

kijana_wa_bandarini: Hapo kwenye haja kubwa nisikilizeni. Mjomba wangu alitoka damu chooni mwaka mzima, kila mtu bawasiri bawasiri, akanywa mizizi mpaka ikaisha kijijini, kuja kupimwa kinyama ni kansa. Watu wanaona aibu kuvua suruali mbele ya daktari.

binti_wa_pwani: Kondomu inazuia? Na ile chanjo ya shuleni wanasema inafunga kizazi

Nesi_Mstaafu: Kondomu inapunguza, haimalizi, maana kirusi kipo kwenye ngozi hata pale isipofunika. Chanjo haifungi kizazi chochote. Hapa Tanzania ilianza nchi nzima 2018 kwa mabinti wa miaka 14, tangu 2024 ni miaka 9 hadi 14, sindano moja tu. Ila haitibu aliyeshaambukizwa.

Bwana_Igoma: Asante mama. Kabinti ketu kana miaka 8, kumbe mwakani tu. Simu nimemrudishia, kaipokea bila kuniangalia usoni.

mama_wawili: Na pole umempa?