Vikao vya usalama wodi ya watoto: vinasaidia au tunaongezewa kazi tu?

Wakuu wa sekta ya afya, hii ishu ya kusimama pamoja dakika tano mpaka kumi kila zamu, madaktari, manesi, mfamasia akiwepo, kila mtu anataja mtoto anayemtia wasiwasi, naona inagawanya watu. Uingereza chama cha madaktari wa watoto kiliisukuma kupitia mradi wa SAFE ulioanza 2014, na wazo wenyewe walilitoa hospitali ya watoto ya Cincinnati kule Marekani. Mimi naunga mkono. Mtoto sio mtu mzima mdogo, presha yake inaweza ikasoma vizuri kabisa huku anazidiwa, kinachotangulia ni mapigo kwenda mbio na pumzi, presha ikija kushuka ujue mmechelewa. Na dozi zetu zinapigwa kwa kilo za mtoto, pointi ya desimali ikikaa pabaya mtoto kapewa dawa mara kumi ya dozi yake. Sasa mwenye kuliona hilo mapema asemee wapi?

Nesi wa usiku: Asemee kwenye kukabidhiana zamu, si tupo pale kitanda kwa kitanda! Tukiwa wawili na wodi imejaa, dripu zinaisha, huyu analia yule anatapika, mnataka twende tukasimame kwenye duara, watoto tumwachie nani? Hivi vitu hupangwa na watu wa ofisini.

Mwanzisha mada: Dada nakuelewa, lakini kukabidhiana ni nesi kwa nesi, dokta kwa dokta, ndo maana unakuta nesi anajua mtoto kagoma kunyonya tangu mchana na dokta hana habari. Halafu hapa hampitii wodi nzima, mnataja wale wa kuangaliwa kwa jicho la karibu na nani anafanya nini, basi. Ila mkiwa wawili kweli mmoja abaki na watoto, hilo halina ubishi.

Intern: Muda mimi hata haunisumbui, shida bosi akiingia wote bubu. Unaulizwa "kuna wasiwasi wowote?" unajibu hamna, maana ukisema unageuziwa maswali kama uko kwenye mtihani. Sehemu niliyotoka kiligeuka karatasi ya kusaini, watu walisaini na wale ambao hawakuwepo 😂

Mwanzisha mada: Hapo umenigusa. Ndo maana nataka aanze kuongea mdogo kuliko wote, bosi awe wa mwisho, na kikiongozwa na nesi bora zaidi. Kama hilo halikubaliki basi afadhali kisianzishwe kabisa, mtapata saini tu.

Nesi wa usiku: Nesi aongoze, konsalta, yaani daktari bingwa mwenyewe, asikilize? Haya, hiyo nakuja kuiona kwa macho yangu. Ila mmesahau wazazi. Mama akikwambia mwanangu leo hayupo sawa, vipimo vyote safi, kwenye hicho kikao linaingia au ndo "mama ana wasiwasi tu"?

Mwanzisha mada: Linaingia, tena liwe la kwanza.