Tupeane uzoefu: wanyamapori wanavyobadili mwenendo wanapoishi jirani na binadamu

Mleta mada
Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu wa kuchunguza wanyamapori wanaoishi jirani na watu. Mimi huwafuatilia tumbili, na kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni umbali wa kutoroka: namwendea mnyama kwa mwendo uleule, bila kumkazia macho, na anapokimbia nahesabu hatua kutoka niliposimama hadi alipokuwa. Walio karibu na nyumba huniacha nisogee sana, ilhali wa msituni hutokomea mapema. Je, hao wa karibu wamejifunza kutotuogopa, au waoga walikwisha kuhama na waliobaki ni wale waliozaliwa wajasiri?

Mchangiaji wa kwanza
Swali lako, ndugu, halijibiki pasipo kumtambua kila mnyama. Mimi huwatambua tumbili wangu kwa makovu ya masikio na mikia iliyokatika. Jike mmoja alikuwa akikimbia kila mlango ulipofunguliwa. Alipozoea kuwafuata wenzake jalalani, alianza kubaki juu ya ukuta, mtoto kifuani, akigeuza kichwa tu. Huyo amejifunza, sina shaka. Watafiti nao, huko Sydney, Australia, waliwatia alama za rangi kasuku weupe wenye shungi la manjano, na mwaka 2021 walieleza kwamba ustadi wa kufunua mapipa ya taka ulikuwa umeenea kutoka vitongoji 3 kabla ya 2018 hadi 44 kufikia mwishoni mwa 2019, kwa ndege kuigana.

Mchangiaji wa pili
Naongezea upande wa sauti. Barabara za San Francisco ziliponyamaza mwaka 2020 kwa sababu ya korona, ndege wadogo wa huko waliimba kwa sauti ya chini zaidi, na bado nyimbo zao zikasikika mbali zaidi. Badiliko la haraka namna hiyo haliwezi kuwa la kurithi.

Mchangiaji wa tatu
Msisahau usiku. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti 76 kuhusu spishi 62 za mamalia ulionyesha kwamba wengi huhamishia shughuli zao gizani penye watu. Njia niliyodhani nguruwe pori wameihama, kamera ilionyesha wanaipita kila watu wanapolala. Mleta mada, kabla ya kusema waoga wamehama, tega kamera palepale unapopimia umbali.